Nilimlea tangu ana miaka 12, sasa wakala amemchukua: nina haki gani?

Shikamoo mzee wa safu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tabora mjini. Nje ya kazi nina kituo cha kulea vipaji vya soka, vijana thelathini na kidogo, tunafanya mazoezi jioni kwenye uwanja wa shule huku Ng'ambo. Hatuna mfadhili. Mipira, koni na nauli ya kwenda kucheza Nzega au Urambo vinatoka kwenye mshahara wangu, na wazazi wanaolima tumbaku wakishalipwa huwa wanachangia kidogo.

Miaka mitano iliyopita nililetewa mtoto kutoka Sikonge, ana miaka 12. Baba yake alishafariki, mama ni mkulima. Nikamchukua akae kwangu, akawa analala chumba kimoja na wanangu. Mke wangu amempikia muda wote huo. Njumu zake zote nimenunua mimi. Alipoteguka goti nimemuuguza mimi, na alipotaka kuacha shule kidato cha pili ni mimi niliyekaa naye mpaka akabadili mawazo. Sasa ana miaka 17, yuko kidato cha nne, na ni winga wa kushoto ambaye kwa kweli sijawahi kufundisha mwingine kama yeye. Baada ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, klabu moja ya Ligi Kuu imemwona na inamtaka dirisha dogo, usajili wa katikati ya msimu.

Hapo ndipo wakala alipotokea. Ametoka Dar es Salaam. Hakuja kwangu, alikwenda moja kwa moja Sikonge kwa mama. Akamwachia simu mpya na shilingi milioni 1, mama akaweka dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza ambayo hakuna aliyemsomea. Wakala anataka kijana aende Dar mwezi ujao akaanze mazoezi na timu, mtihani wa taifa atafanya "mwaka mwingine". Kijana naye amebadilika. Nikimpigia simu anapokea anapotaka, na juzi kaniambia, "Mwalimu, ongea na meneja wangu." Mzee wangu, neno hilo liliniuma kuliko milioni zote.

Mimi pia nina karatasi. Kijana alipotimiza miaka 14 niliandikishana na mama mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, kwamba mimi ni meneja wake mpaka atakapostaafu mpira, na akiuzwa popote duniani napata asilimia 30. Ina mhuri. Cheti chake cha kuzaliwa pia kipo kwangu kabatini. Walimu wenzangu wananiambia nisikitoe mpaka nilipwe. Mke wangu anasema nimwachie Mungu.

Naomba unijibu. Karatasi yangu ina nguvu? Nikizuia cheti nakosea? Na mimi naweza kuwa wakala kamili? Kuna wengine watatu wanakuja vizuri nyuma yake na sitaki yanikute tena. Wakala ameniita kikao hapa mjini wiki ijayo, anasema tuyamalize. Niende?

Mwalimu, Ng'ambo, Tabora

Jibu

Marahaba, mwalimu.

Nianze na cheti, kwa sababu hilo unaweza kulimaliza leo. Kitoe kabatini umpelekee mama yake, wewe mwenyewe kwa mkono wako, na ukae naye mzungumze. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mtu hakiwekwi rehani. Wenzako wanaokushauri ukizuie hawajafikiria kitakachotokea: klabu ya Ligi Kuu ikiona usajili wa kijana wa miaka 17 una mgogoro wa nyaraka, itasajili winga mwingine. Kijana atabaki Ng'ambo amekasirika, mama atakuona adui, na hapatakuwa na klabu wala wakala wa kukulipa hata senti. Na shauri likifika TFF, shirikisho letu la mpira, kwenye Kamati ya Sheria, Katiba na Hadhi za Wachezaji, utakuwa umejichafua kabla hujafungua mdomo kueleza miaka yako mitano.

Sasa karatasi. Najua hukuiandika kwa tamaa. Uliogopa kusahaulika, na hofu yako ilikuwa na msingi. Lakini asilimia 30 ile haitalipwa na yeyote, hata ungekuwa na mhuri wa mkoa. Tangu tarehe 1 Mei 2015 kanuni za FIFA zinakataza mtu au kampuni isiyo klabu kumiliki sehemu ya fedha za mauzo ya mchezaji. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya walimu wa Tabora. Kulikuwa na makampuni, hasa Amerika Kusini na baadhi ya nchi za Ulaya, yaliyokuwa yananunua vipande vya wachezaji na kuamua nani auzwe lini na wapi. Pengine unakumbuka Carlos Tevez na Javier Mascherano walipotua West Ham mwaka 2006: haki zao zilikuwa mikononi mwa makampuni, na mwaka uliofuata klabu ikapigwa faini ya pauni milioni 5.5 na Ligi Kuu ya Uingereza. Karatasi yako ni ndogo, imeandikwa kwa upendo na imeshuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji, lakini inadai kitu kilekile. Klabu ikikubali kuilipa, klabu ndiyo itakayoadhibiwa. Ukiitoa mezani kwenye kikao, mwanasheria wao ataisoma mara moja na kuanzia hapo hawatakusikiliza tena hata kwenye yale ambayo ni haki yako.

Hilo la kuwa meneja mpaka astaafu nalo halisimami. Mkataba wa uwakilishi kati ya wakala na mchezaji hauzidi miaka 2, lazima uwe wa maandishi, na anayewakilisha lazima awe na leseni. Kanuni hizo zinamhusu hata baba mzazi. Zamani, kabla ya 2015, mzazi, ndugu wa damu au mke wa mchezaji aliruhusiwa kumwakilisha bila leseni. Sasa mlango huo umefungwa. Iweke karatasi hiyo pembeni, na mwambie mama kwamba umeifuta.

Usikate tamaa hapa, kwa sababu sasa ndiyo tunafika kwenye haki yako.

Kituo chako kimesajiliwa? Simaanishi kuandikwa kwa mtendaji wa kata. Namaanisha kuwa mwanachama wa chama cha mpira cha wilaya au cha mkoa, chini ya TFF, na vijana wako kusajiliwa kila msimu kwa majina yao kwenye mfumo wa shirikisho. Barua yako imetaja njumu, goti, chakula na nauli, haikutaja usajili hata mara moja. Soka halilipi chakula ulichompa mtoto. Linalipa misimu ambayo ameandikishwa kwenye timu yako.

FIFA ina utaratibu unaoitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha za mauzo inakatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Misimu ya miaka 12 hadi 15, kila mmoja unabeba asilimia 5 ya fungu hilo. Kuanzia miaka 16, kila msimu unabeba asilimia 10. Tuseme kijana wako amesajiliwa kwako misimu yote kuanzia miaka 12 hadi 17. Siku akiuzwa nje kwa dola 200,000, fungu la mshikamano ni dola 10,000. Misimu minne ya kwanza inakupa dola 2,000, miwili ya mwisho dola 2,000 nyingine. Jumla dola 4,000, yaani kama shilingi milioni 10. Akiuzwa tena baada ya miaka mitatu kwa fedha kubwa zaidi, unapata tena. Na tena. Mbwana Samatta alipotoka Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, klabu zilizomlea kabla hajatimiza miaka 23 zilistahili mgawo, ingawa alishaondoka nyumbani tangu mwaka 2011 alipokwenda TP Mazembe. Haki hiyo inamfuata mchezaji mpaka mwisho wa safari yake ya soka, na haitoki mfukoni mwa kijana. Inatoka kwenye fedha ambazo klabu zinalipana.

Linganisha na ile asilimia 30. Ni ndogo, sawa. Lakini ni halali, na haihitaji kijana akupende ndipo ulipwe.

Tangu Novemba 2022 fedha hizo zinapitia ofisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ambayo inaangalia historia ya usajili wa mchezaji, inapokea fedha kutoka klabu inayonunua na kuzipeleka kwa klabu za nyuma. Zamani klabu ndogo ilibidi idai yenyewe, na nyingi hazikujua hata pa kuandikia. Sasa historia ya usajili ndiyo inayosema. Kwa hiyo kituo kinahitaji akaunti ya benki kwa jina la kituo, si kwa jina lako, na uongozi wenye katiba na watu wa kusaini. Kama kijana hakusajiliwa kwa misimu ya mwanzo, msimu huo ni mgumu kuuthibitisha, na siwezi kukupa matumaini makubwa. Lakini kama ulimsajili hata misimu miwili tu ya ligi ya wilaya, kafuate nakala zake kabla ya kikao. Nenda kwa katibu wa chama cha mpira cha mkoa, omba rekodi ya usajili ya kijana, msimu kwa msimu, kwa maandishi.

Kuna pia fidia ya mafunzo, na hapa nataka uelewe vizuri usije ukajazwa ndoto. Fidia hiyo ya FIFA inazigusa klabu zote zilizomlea pale mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya nchi nyingine. Kijana wako akisaini wa kwanza hapa nchini, hatua hiyo inaongozwa na kanuni za TFF, na siku akihamia nje baadaye fidia inakwenda kwa klabu aliyotoka, yaani hiyo ya Ligi Kuu. FIFA inalitaka kila shirikisho liwe na utaratibu wake wa kuzilipa klabu zinazolea vijana ndani ya nchi. Muulize katibu huyohuyo akuonyeshe kanuni ya msimu huu.

Lakini liko jambo unaloweza kulidai mezani bila kusubiri kanuni yoyote. Klabu kwa klabu zinaruhusiwa kukubaliana. Kituo chako, kikiwa ni klabu iliyosajiliwa, kinaweza kuiambia klabu ya Ligi Kuu: tunamwachia kijana, mtulipe kiasi fulani sasa, na mkimuuza mbele tupate asilimia 10 ya mauzo. Hiyo ni halali kabisa, inafanyika kila siku. Asilimia ileile ikiandikwa kwa jina lako wewe mwalimu, ni haramu. Ikiandikwa kwa jina la klabu, ni biashara ya kawaida. Ndiyo maana nakusumbua sana na usajili. Kama klabu haina fedha za kukupa sasa, omba vifaa, omba kocha wao aje kuwafundisha makocha wako, omba nafasi ya vijana wako watatu kwenda kufanya majaribio. Usidharau hayo.

Tumgeukie wakala. Wapo mawakala wazuri, na kijana mwenye kipaji anamhitaji mmoja. Mkataba usiosomwa vizuri unaweza kumgharimu mchezaji nusu msimu wa maisha yake. Sote tuliliona sakata la Feisal Salum na Yanga kuanzia Desemba 2022: upande wake uliamini akilipa shilingi milioni 112 amejinunua na yuko huru, kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na mambo yakatulia alipokwenda Azam katikati ya 2023. Yule alikuwa mchezaji wa timu ya taifa. Wa kwako ana miaka 17, na mama yake ameweka dole gumba kwenye Kiingereza.

Huyu bwana wa Dar alivyoanza hakunifurahisha. Wakala haruhusiwi kumsogelea mtoto chini ya miaka 18, wala mzazi wake kwa ajili hiyo, isipokuwa ndani ya miezi 6 kabla ya umri ambao sheria za nchi zinamruhusu kusaini mkataba wa kwanza wa kulipwa. Hata hapo anatakiwa apate kwanza idhini ya mzazi kwa maandishi, na lazima awe amesoma kozi ya ziada ya FIFA inayohusu watoto. Anatakiwa kumweleza mteja, kwa maandishi, kwamba ana haki ya kutafuta mwanasheria wake kabla ya kusaini. Simu na milioni 1 kwa mjane wa Sikonge ni jambo ambalo kanuni zinalikataza: wakala hatoi zawadi kwa familia ili apate saini.

Kwanza jiridhishe kama ana leseni. Leseni ya FIFA anapewa mtu, haipewi kampuni, kwa hiyo usiridhike na jina la kampuni kwenye kadi wala na picha zake akiwa na wachezaji maarufu. Orodha ya mawakala wenye leseni ipo wazi kwenye tovuti ya FIFA. Andika jina lake kamili, tafuta. Kama hayumo, mazungumzo yameishia hapo na mama aandike barua TFF. Kama yumo, mama aombe nakala ya alichosaini, atafute wakili wa hapo Tabora amsomee kwa Kiswahili neno kwa neno. Aangalie muda: ukizidi miaka 2, tatizo. Aangalie malipo. Kanuni za FIFA zilizoanza kutumika kikamilifu Oktoba 2023 ziliweka kikomo cha asilimia 5 ya kipato cha mchezaji, kwa mchezaji anayelipwa hadi dola 200,000 kwa mwaka. Mawakala wakubwa walikwenda mahakamani Ulaya, na baada ya amri ya mahakama ya Ujerumani FIFA ilisitisha kikomo hicho tarehe 30 Desemba 2023. Kwa hiyo usimshike wakala shati kwa asilimia 5 kama sheria, lakini itumie kama kipimo. Akitaka 10, aeleze kwa nini. Akitaka 30 au 40, huyo anafanya kile ulichotaka kufanya wewe, bila kuwahi kumpikia mtoto hata siku moja.

Hayo yote ni ya mama kuamua, mwalimu, si yako. Wewe mpeleke kwa wakili, lipa nauli, kaa kimya chumbani wakili anaposoma.

Mkataba wa klabu nao usomwe hivyohivyo. Mchezaji chini ya miaka 18 hasaini zaidi ya miaka 3, na kipindi chochote kinachozidi hapo FIFA haikitambui. Mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Iandikwe nani anatibu goti, maana hilo goti umeshaliuguza mara moja. Kijana ajue tangu mwanzo kwamba klabu isipomlipa mishahara ya miezi miwili, anaweza kuiandikia na kuipa siku 15, na isipolipa ana haki ya kuvunja mkataba. Wachezaji wengi vijana hawajui hilo, wanakaa miezi sita bila mshahara wakingoja huruma. Chama cha wachezaji, SPUTANZA, kipo kwa mambo ya namna hii.

Kuhusu mtihani wa taifa, hapo sina maneno mengi. Kijana asiende popote mpaka amalize karatasi ya mwisho ya kidato cha nne. Dirisha dogo linafunguliwa mitihani ikiwa imeshakwisha. Hakuna sababu yoyote ya kisoka ya kumtoa darasani mwezi ujao, na wakala anayemwambia atafanya "mwaka mwingine" anajua vizuri kwamba hatafanya. Klabu inayomtaka kweli itamsubiri. Hili nataka ulisimamie kwa nguvu zako zote, kwa sababu hapa wewe ni mwalimu wake wa shule na hakuna kanuni ya FIFA inayokunyamazisha.

Umeuliza kama unaweza kuwa wakala. Unaweza, lakini si huku ukiwa na kituo. Kiongozi, kocha au mwajiriwa wa klabu haruhusiwi kupewa leseni, na sababu yake ni ya haki. Wakala anafanya kazi kwa ajili ya mchezaji. Mwenye kituo anafanya kazi kwa ajili ya kituo. Siku klabu itakaposema "tuna milioni 20, mgawane kituo na kijana," utazigawa vipi kama wewe ndiye pande zote mbili? Utajiambia unamtendea haki mtoto, na labda utakuwa unamtendea, lakini hakuna atakayeweza kujua, hata wewe mwenyewe.

Ukiamua kuacha kituo ukafuata njia hiyo, ijue vizuri. Unaomba kupitia FIFA, unachunguzwa kama una hukumu ya jinai au adhabu za michezo, kisha unafanya mtihani: maswali 20 ya kuchagua, dakika 60, na ukipata chini ya asilimia 75 umefeli. Hakuna wa Kiswahili, wengi wetu tunaufanya kwa Kiingereza. Ule wa kwanza chini ya kanuni hizi, wa tarehe 19 Aprili 2023, waliofaulu walizidi nusu kwa kidogo tu, na walikuwemo wanasheria. Ukifaulu unalipa dola 600 kila mwaka, kama shilingi milioni moja na nusu. Na kuna kifungu ambacho kinakuhusu moja kwa moja: ukibainika kwamba umefanya kazi ya uwakala bila leseni ndani ya miezi 24 kabla ya kuomba, hustahili. Kwa hiyo acha leo kujiita meneja wa kijana, na usiende kujadili mshahara wake na klabu kwa niaba yake.

Halafu piga hesabu. Mchezaji kijana anayelipwa shilingi laki 8 kwa mwezi, kwa asilimia 5 anakupa elfu 40 kwa mwezi, yaani laki 4 na elfu 80 kwa mwaka. Wachezaji watatu wa namna hiyo bado hawajalipa ada ya leseni yako. Nauli ya kwenda Dar kumwona mchezaji wako aliyewekwa benchi hujaigusa, wala simu za usiku wa mwisho wa dirisha. Mawakala wanaoishi kwa kazi hii wana wachezaji wengi, au wana mmoja au wawili waliovuka mipaka. Wengine hapa nchini wana kazi nyingine ya mchana. Siyasemi haya kukuvunja moyo. Nasema kwa sababu mwenye kuingia huko akiwa na njaa, mara nyingi anamalizia kwa kumsukuma kijana asaini palipo na kamisheni ya haraka badala ya palipo na nafasi ya kucheza.

Ukiniuliza mimi, baki na kituo. Mkoa wetu una vijana wengi wenye miguu na walimu wachache mno wa kuwakalisha chini kidato cha pili wanapotaka kuacha shule. Wale watatu wanaokuja nyuma, wasajili msimu huu, kila mmoja kwa cheti chake halisi, na usikubali mtu akushawishi kupunguza umri wa mtoto hata kwa mwaka mmoja. Mtafutie kila mzazi nakala ya usajili aiweke nyumbani kwake. Wakala mwenye leseni akija siku nyingine, atakukuta una klabu, una rekodi na una akaunti, naye atajua kwamba hawezi kupita pembeni yako kwenda Sikonge.

Sasa kijana mwenyewe. "Ongea na meneja wangu" ni maneno ya mtoto wa miaka 17 aliyefundishwa la kusema. Usimpigie tena kumuuliza kwa nini amebadilika. Mwandikie ujumbe mmoja: kwamba cheti chake umekirudisha kwa mama, kwamba humdai chochote, kwamba kitanda chake kipo akitaka kuja kusoma kwa ajili ya mtihani. Na uwe unamaanisha. Huwezi kumwambia humdai kisha kila mkutano wa familia ukawa unamhesabia njumu. Kama moyoni bado unamdai, subiri kwanza, usimwandikie mpaka uwe tayari.

Kikao nenda. Usiende peke yako, na kisifanyike hotelini kwa wakala. Kifanyike ofisi za chama cha mpira cha mkoa, katibu awepo, mama awepo na wakili wake, na mtu wa klabu ya Ligi Kuu awepo, kwa sababu wewe una mazungumzo na klabu kuliko uliyonayo na wakala. Beba rekodi za usajili. Useme mambo mawili tu: kituo kinaomba makubaliano ya klabu kwa klabu, na kijana haondoki kabla ya mtihani. Wakala akikunyooshea bahasha "kwa ajili ya usumbufu wako", irudishe palepale mbele ya wote. Usisaini chochote siku hiyo. Chukua rasimu, mpe yule wakili aisome, na umwambie katibu ni lini utarudi na jibu.